Escudo ya Ottilia

Mlango wa kushoto ulifunguka, mwanamume akaingia garini, akakaa, akaweka ndoo ya usipa katikati ya miguu yake. Hata hakugeuka kumtazama dereva. Alikuwa anaongea na simu.

"Mwambie asiizime hiyo friza, jioni nitakuwa huko," alisema, akakata simu, akaigonga dashibodi kwa kiganja. "Haya Hamphrey, twende, huu usipa utaharibika."

Aliyeshika usukani alikuwa Ottilia Kapinga, akisubiri zamu yake ya mafuta. Msimu wa kahawa sheli ile ya Mbinga mjini haipitiki. Maroli ya magunia yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani, bodaboda wakipenya katikati yake, kila mtu na honi yake. Ottilia alikuwa anaenda kwenye kipaimara cha binamu yake, amevaa gauni la kitenge cha bluu lililomkaa vizuri kiunoni, na marashi aliyojipulizia asubuhi yalikuwa yameshashindwa na ile ndoo.

"Hamphrey ni nani?" aliuliza.

Mwanamume akageuka. Alikuwa mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa pasi mpaka mikono, macho yake madogo kama ya mtu aliyekua akitazama maji yenye jua. Akachungulia nje. Mbele yao, Escudo nyingine nyeupe ilikuwa inapigiwa honi na kila mtu, na kijana ndani yake alikuwa anatazama huku na huku akimtafuta abiria wake.

"Dada, samahani. Hili gari si la Hamphrey."

"Ni la Ottilia."

"Ottilia ndiye wewe?"

"Ndiye anayekuomba uteremke na samaki wako."

"Nateremka. Lakini usipa kidogo nakuachia. Nimeshakuharibia hewa, angalau ule." Akachota usipa ndoo­ni, akautia kwenye mfuko, akaufunga vizuri, akauweka sakafuni. "Na namba yako unipe, nikuulize kama ulipikika."

Alipaswa kumfukuza. Akampa namba.

Jioni ile ile simu iliita. Yule mwenye usipa, Erasmo, alikuwa mtu wa Mbaha, kule ziwani, fundi wa friza za sola za wauza samaki, anatembea mwambao wote wa ziwa na mkoba wake wa vifaa. Ottilia alikuwa mzaliwa wa Maguu, mwonjaji wa kahawa katika kampuni moja pale Mbinga, mwanamke ambaye akionja kijiko kimoja anakwambia kahawa ile imekauka juani au imelala na unyevu. Kazi aliipenda. Mji ndio ulikuwa unambana. Jumamosi akitoka kazini alikuwa anawasha gari na kwenda bila kujua anakwenda wapi, mara Namswea, mara popote barabara ilipoishia, kisha anageuza.

"Umekula, mama?" Erasmo aliuliza kila jioni.

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nakula sauti yako na muhogo."

"Utakonda."

"Nikikonda utanibeba kwenye Escudo."

Mapenzi yao yaliota hivyo, kwenye simu, na mwisho wa juma Erasmo alipopanda milima kuja Mbinga na samaki aina ya mbasa aliyefungwa kwenye barafu. Wakipika pamoja, wakitaniana, Ottilia alijisahau akatulia kabisa. Halafu Erasmo akishashuka ziwani, miguu ilimwasha tena.

Ndipo simu ikaja kutoka Moshi. Kampuni kubwa ya kahawa ilikuwa inatafuta mkuu wa waonjaji. Ottilia alikuwa ameomba kazi ile kimya kimya, kabla ya kumjua Erasmo, na sasa walimtaka. Akakubali siku hiyo hiyo. Kumwambia Erasmo ndiko kulikomshinda. Alimjua, au alidhani anamjua. Mama yake ni mjane pale Mbaha. Friza zote za mwambao zinamtegemea yeye. Na mara moja alishasema, akicheka, kwamba akikaa siku mbili bila kuona ziwa anaumwa kichwa. Atakataa tu, Ottilia alijiambia. Kila alipofungua kinywa amwambie, alilisikia lile katazo kama limeshatamkwa, akanyamaza, na moyoni akamkasirikia kwa neno ambalo Erasmo hakulisema.

Akatafuta namna ya kuagana naye kwa uzuri.

"Twende Liparamba," alimwambia.

"Porini? Kufanya nini?"

"Kutazama wanyama. Watu wanapanda ndege kuja kuwaona, sisi tuliozaliwa hapa tunawaona kwenye kalenda. Naendesha mwenyewe, wewe kazi yako kutazama."

"Na simba akitaka kuniona mimi?"

"Nitamwambia wewe ni wangu."

Wakaenda mwishoni mwa kiangazi, majani yamekauka, moshi wa mashamba umetanda juu ya vilima. Ottilia alivaa suruali ya kaki na skafu nyekundu. Erasmo alikuja na kofia pana ambayo Ottilia aliicheka njia nzima. Getini waliwakuta askari wa wanyamapori, na mkubwa wao, Mzee Ildefonsi, akawakagulia kibali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnajiendesha wenyewe? Sawa. Msishuke garini. Tembo akiwa njiani, njia ni yake, nyie subirini. Mtandao upo pale kilimani tu, kwingine msitegemee."

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Escudo iliyumba kwenye mashimo, vumbi likaingia mpaka kwenye meno. Kwenye miti ya miombo walimkuta palahala dume, swala mkubwa mweusi anayeng'aa, pembe zimepinda kurudi mgongoni, amesimama kama mwenye nyumba anayewasubiri wageni wajieleze. Erasmo alishika mkono wa Ottilia, naye Ottilia akaona macho ya mwenzake yamelowa. Alitamani asimame pale pale asiondoke. Akaingiza gia, wakaendelea.

Walipofika kilimani, redio ya gari ikaanza kuita. Ottilia alikuwa ameiunganisha na simu yake kwa ajili ya muziki. Mkono ulienda kuzima, badala yake ukapokea.

"Dada Ottilia, habari za Mbinga," sauti ya kike ilijaza gari zima. "Mimi Glorious, wa ofisi ya Moshi. Ile nyumba yenye baraza uliyoitaka imepatikana. Bosi anauliza, tarehe moja unaripoti kama ulivyothibitisha?"

Erasmo ndiye aliyesema, taratibu, "Mjibu."

"Nitakupigia, dada," Ottilia alisema, simu ikakatika.

Upepo ulikuwa unapita madirishani.

"Ulithibitisha lini?" Erasmo aliuliza.

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita nilikuja kwako, tukala, ukanilalia begani. Ulikuwa umeshathibitisha?"

"Ndiyo."

"Na safari hii ni ya nini?"

Ottilia aligeukia dirisha.

"Umenileta kuniaga," Erasmo alisema. "Mbele ya swala."

"Ungesema nini, Erasmo? Ungesema nisiende. Una mama, una friza zako, una ziwa lako. Nilijua."

"Sikuulizwa."

Ottilia aliachia breki, akashuka kilima kwa kasi ambayo njia ile haikuiruhusu. Alitaka kuwa mbali na pale, mahali popote. Chini kulikuwa na mto uliokauka. Escudo iliingia kwenye mchanga, ikazama, magurudumu yakazunguka bure.

Erasmo akafungua mlango.

"Tumeambiwa tusishuke."

"Afadhali niliwe."

Alichimba kwa mikono, akavunja matawi, akayatandika chini ya magurudumu. "Ukianza kwenda usisimame," alisema. Ottilia akakanyaga mafuta, gari likapiga kelele, likachomoka, likapanda ukingo wa pili. Alipogeuka kumsubiri, tembo walikuwa wanatoka kwenye matete.

Mbele yao alikuwa jike mkubwa na mtoto wake. Walikuja kunywa kwenye visima ambavyo tembo huchimba mchangani, na visima vyenyewe vilikuwa katikati ya Erasmo na gari. Jike akamwona. Masikio yakafunguka, mkonga ukapanda juu. Erasmo alisimama kama alivyo, mikono imejaa mchanga, kofia imeanguka. Hapakuwa na mti wa karibu.

Njia ya kutoka ilikuwa wazi mbele ya Ottilia. Akaingiza gia ya nyuma, akarudi mchangani, polepole, akipita pembeni mwa visima. Jike akageukia gari. Akaja kwa hatua nzito, vumbi likapanda, ukelele wake ukatikisa vioo. Hakuongeza mwendo wala hakusimama mpaka gari lilipofika kati ya mnyama na mtu wake. Mlango wa nyuma ukafunguka, Erasmo akajitupa ndani, na Escudo ikazama tena kwenye mchanga.

Jike alisimama karibu mno, wakaona kope zake. Akatikisa kichwa, akapuliza. Kisha mtoto wake akalia, naye akamwendea.

Walikaa. Hapakuwa na namna nyingine. Tembo walikunywa bila haraka, wakajimwagia vumbi, wakanywa tena, na Ottilia, ambaye maisha yake yote alipobanwa aliwasha gari, alikaa mikono mapajani akimsikia Erasmo akihema nyuma yake. Alinyoosha mkono kati ya viti. Erasmo aliushika muda mfupi, akauachia.

Wanyama walipoondoka, Erasmo alichimba tena. Wakarudi Mbinga. Alipoteremka stendi aliinama dirishani.

"Asante kwa kunirudia," alisema. "Safari njema ya Moshi."

Baada ya hapo Erasmo hakupokea simu zake. Ottilia alipiga asubuhi, akapiga mchana, akaandika ujumbe akaufuta. Kazini akaanza kuonja kahawa kama maji. Siku moja bosi wake, Augustino, alimwita pembeni.

"Hii ya leo umeipitisha. Ionje tena."

Akaionja. Ilikuwa mbovu, imeoza kabisa, hata mtoto angeijua.

"Wewe huumwi mdomo," Augustino alisema. "Nenda popote unapotakiwa kwenda, urudi Jumatatu."

Aliteremka milima kwa uangalifu, kona baada ya kona, mpaka ziwa likafunguka chini, bluu isiyo na ng'ambo. Mbaha aliuliza nyumba ya mama yake Erasmo, akaonyeshwa. Mama mmoja alikuwa anaanua muhogo kwenye jamvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama Scholastica alimtazama kuanzia skafu mpaka viatu. "Wewe ndiye wa tembo."

"Ndiye mimi, mama."

"Yupo ufukweni. Hali chakula vizuri siku hizi. Mwambie nimechoka kumwaga ugali."

Erasmo alikuwa kivulini mwa kibanda cha samaki, amefungua friza, skrubu zimepangwa kwenye kanga kuukuu. Alimwona akija, akaendelea na kazi. Ottilia akakaa juu ya kreti.

"Nimekuja kukuuliza," alisema.

"Uliza."

"Naenda Moshi. Hilo sibadilishi, kazi hii nimeitafuta miaka. Lakini naenda nikiwa nakupenda, na sitaki kwenda hivyo peke yangu. Utakuja tuishi pamoja?"

Erasmo alikaza skrubu moja, akachukua nyingine. Maneno yalimjaa Ottilia mdomoni: najua mama yako, najua friza, najua utasema nini. Akauma midomo, akangoja.

"Unajua nilichokasirikia?" Erasmo aliuliza hatimaye.

"Moshi."

"Moshi tungeiongea jioni moja ikaisha. Nilikasirika kwa sababu ulinijibia. Ulinikalisha kichwani mwako, ukaniuliza, nikakataa, ukanikasirikia, ukaamua kuniacha. Na mimi mwenyewe niko huku natengeneza friza, sijui chochote."

Ottilia alicheka, na machozi yakamtoka humo humo.

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Nasema siji." Alimwona alivyobadilika uso, akaweka bisibisi chini. "Siji kama mtu aliyeokotwa njiani, niingize begi kwako, majirani wa Moshi waulizane huyu ni nani. Kwanza baba mdogo Raimundi aende kwenu Maguu. Mzee wako akiridhia, kazi ya friza namwachia mwanafunzi wangu Nathanieli, anaiweza. Dada yangu Edina anarudi kukaa na mama. Mvua zikikatika nakuja. Moshi friza zipo?"

"Zipo."

"Basi zitaharibika tu. Nitakula."

"Kichwa kitakuuma bila ziwa."

"Kitaniuma. Utanipa dawa."

Jumapili, kabla Ottilia hajasafiri, wageni walipanda Maguu. Yeye alikuwa jikoni na mama yake, Mama Tadea, na kila alichokishika kilimponyoka. Sebuleni sauti zilipanda na kushuka. Akamsikia baba yake, Mzee Joakim, akisema, "Nasikia ni Mwanglikana, na sisi ni Wakatoliki." Na Raimundi akijibu, "Ni Mwanglikana, mzee, na Salamu Maria anaisali vizuri kuliko wengi wenu." Watu wakacheka, na Mama Tadea akashusha pumzi.

Kisha akaitwa. Alijifunga kanga mpya, akapiga magoti kwenye mkeka. Raimundi alikuwa amevaa koti zito lililomtoa jasho, na kando yake Erasmo alikuwa ametazama chini kama inavyompasa mchumba.

"Ottilia," baba yake alisema, "wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

"Na Moshi unakwenda?"

"Nakwenda."

"Na huyu kijana, atakaa huku ziwani wewe uko huko? Itakuwaje?"

Jibu alikuwa nalo, lote, mpaka mwezi wenyewe. Akalimeza.

"Mwulize mwenyewe, baba."

Erasmo akainua uso, akamtazama yeye kwanza, kisha mzee.

"Nitamfuata, mzee," alisema. "Mvua zikikatika."

Mzee Joakim alimpima kwa macho. Halafu akageukia mlango wa jikoni.

"Mama Ottilia, lete maji ya kunawa. Hawa watu wametoka mbali."