Usingizi wa Nesi Dativa

Saa kumi na mbili asubuhi Dativa alikuwa ameshafagia uwanja, ameshateka maji na ameshachemsha mihogo. Jirani akipita angesema mama huyu ni hodari wa kuamka. Klementi, mumewe, alijua zaidi. Mkewe hakuwa ameamka mapema. Hakuwa amelala.

"Mama Helena, leo tena?" Klementi aliuliza.

"Nililala kidogo."

"Mlango wetu unalia ukifunguliwa. Nimeusikia saa nane, nimeusikia saa tisa. Au tuna mwizi anayeingia na kutoka bila kuchukua kitu?"

Dativa hakucheka. Alifunga kanga yake juu ya sare nyeupe, akaenda kazini. Njia fupi ya zahanati ilipita nyumbani kwa Shamimu. Dativa alizunguka kwa nyuma, kupitia mikorosho, kama alivyofanya kwa wiki nane.

Dativa alikuwa muuguzi mkunga wa kijiji kimoja cha vilimani, upande wa Kipatimu. Alifanya kazi hapo miaka tisa. Karibu watoto wote wa darasa la kwanza walipokelewa na mikono yake, na akina mama walimpenda. Usingizi ulimkimbia tangu siku aliyoletwa Shamimu.

Shamimu alikuja na uchungu wa mimba ya kwanza. Ilipofika saa sita mchana, chati ya uchungu ilionyesha wazi kwamba muda umepita na mtoto hashuki. Hapo kazi ya mkunga ni moja: apige simu, gari la wagonjwa lije, mama apelekwe hospitali. Dativa alishika simu. Ndugu za Shamimu wakamzuia kwa upole.

"Sista, tumngoje mjomba. Bado hajasema."

Katika familia za kijiji kile, mtoto wa dada ni wa mjomba. Harusi huamuliwa na mjomba, na safari ya hospitali pia. Mzee Kondo, mjomba wa Shamimu, alikuwa bondeni akilinda mpunga usiliwe na nguruwe, mahali ambapo simu haishiki. Dativa mwenyewe alilelewa hivyo. Aliona adabu ni kungoja.

Shamimu alimshika mkono. "Dada Dativa, nipelekeni." Alisema hivyo mara tatu. Mara zote tatu Dativa alimjibu, "Ngoja mjomba."

Mzee Kondo alifika saa nane, anahema. Alisema neno moja tu: "Mpelekeni." Gari likaja, likahangaika na barabara mbovu. Shamimu alipona. Mtoto hakupona.

Tangu siku hiyo, Dativa akifumba macho alisikia sauti yake mwenyewe: ngoja mjomba, ngoja mjomba. Alijaribu kujichosha kwa kazi. Akajaribu vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, viwili, halafu vitatu. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito, na alikizindua kwa chai ya rangi kali, vikombe vitano mpaka jioni. Hakumwambia mtu. Nesi anayelia ataaminiwa na nani?

Siku ile ilikuwa kliniki ya watoto. Foleni ilikuwa ndefu. Dativa alichoma sindano, akaandika kadi, akavuta sindano nyingine, akashika paja la mtoto.

"Sista!" mama wa mtoto alipiga kelele. "Si umeshamchoma sasa hivi?"

Dativa alitazama paja. Pamba ilikuwa bado pale. Aliweka sindano mezani, akamwita mwenzake aendelee, akaingia stoo. Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Aliona wazi kwamba iko siku atamdhuru mtoto wa mtu. Akachukua karatasi, akaandika barua ya kuacha kazi.

Kwa bahati, wiki ile alikuja Debora, muuguzi mzee kutoka wilayani, ambaye hutembelea zahanati kukagua kazi na kuwafundisha wauguzi. Dativa alimsubiri mpaka wagonjwa waishe.

"Shikamoo, dada Debora."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umekonda?"

Dativa alimpa barua. Debora aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka mezani.

"Unalala saa ngapi?" aliuliza.

"Dada, nimekupa barua. Usingizi unaingiaje?"

"Ndio ulioiandika barua hii. Nijibu."

Basi Dativa akasema yote. Alieleza habari za Shamimu, mlango unaolia, vidonge na sindano ya pili. Alilia mpaka kanga ikalowa.

"Sitakudanganya kwamba hukukosea," Debora alisema mwishowe. "Mama aliomba kupelekwa. Ridhaa ni ya mgonjwa mwenyewe. Mjomba ni wa kupewa habari. Saa mbili zile ni zako. Lakini barabara mbovu si yako. Bonde lisilo na simu si lako. Wala hakuna ajuaye kama mtoto yule angepona hata mngewahi. Wewe umebeba mizigo yote minne, na mmoja tu ndio wako."

"Majuto ni mjukuu, dada. Yamekuja, hayatoki."

"Mjukuu akija nyumbani hupewa kazi. Wewe wa kwako umemlaza kitandani, mnazungumza mpaka asubuhi!"

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, Dativa alitabasamu.

Debora alimweleza taratibu. Majuto yanawapata waganga na wauguzi wengi, hasa wale wanaojali. Yakifichwa, yanakula usingizi. Asiyelala hukosea kazini, na kosa jipya huleta majuto mapya. Yanazunguka hivyo mpaka mtu aache kazi au augue.

"Vidonge vile acha leo," alisema. "Vinakulevya mpaka asubuhi. Chai ya rangi mwisho wake mchana. Simu ilale chumba kingine, ila zamu ikiwa yako. Ukikosa usingizi, usijigeuzegeuze kitandani. Toka, kaa mahali penye mwanga mdogo, andika linalokusumbua, rudi usingizi ukija. Na amka saa ile ile kila siku, hata kama umelala vibaya. Nitazungumza na mganga wako mfawidhi, ukikesha zamu upumzike kesho yake. Nipe wiki tatu. Usipopata nafuu, utakuja hospitali umwone daktari. Na ukipata wazo la kujidhuru, usingoje hata siku moja."

"Na barua?"

"Ikae kwangu. Kwanza mpe mjukuu kazi. Shamimu umekwenda kumpa pole?"

"Bado," Dativa alisema.

Usiku ule alimweleza Klementi kila kitu. "Kumbe mwizi wetu alikuwa mjukuu huyo," Klementi alisema. "Kesho tunakwenda wote."

Shamimu alikuwa barazani, anasuka ukili. Aliwakaribisha, akawapa mkeka. Dativa alikuwa amepanga maneno mengi, yote yakampotea.

"Wiki nane unapita mikorosho," Shamimu alisema. "Nilikuwa nakuona."

"Nilikuogopa."

"Dada, nilisema nipelekwe. Ulinisikia?"

"Nilikusikia. Mara tatu. Nilipaswa kukupeleka. Nisamehe."

Shamimu aliacha kusuka. Machozi yalimtoka. "Watu wananiambia labda sikusema kwa nguvu. Nikaanza kuamini hivyo, nikajilaumu kila siku. Basi. Nilitaka kujua kwamba nilisikika."

Walilia pamoja, kisha wakanywa uji. Haikuwa dawa ya kila kitu. Mtoto hakurudi. Lakini Dativa alirudi nyumbani kwa njia fupi.

Baada ya siku chache wafanyakazi wote wa zahanati walikaa kikao. Waliipitia siku ile saa kwa saa, wakitafuta palipoharibika, bila kumnyooshea mtu kidole. Halafu wakaitisha mkutano wa kijiji, na Mzee Kondo akaomba kusema.

"Miye nami silali," alisema, na watu wakashtuka. "Nilikuwa nafukuza nguruwe, na mjukuu wangu anakufa kwa kuningoja. Desturi ya mjomba siitupi. Ila neno la mjomba litolewe mapema, mimba ikiwa changa. Mkunga akisema safari, basi ni safari. Nisifuatwe tena bondeni."

Wajomba wengine walinong'ona, kisha wakakubali. Tangu hapo, mjamzito akija kliniki mara ya kwanza anakuja na watu wake. Wanaelezwa dalili za hatari. Mama anasema mwenyewe anachotaka, mjomba anatoa neno lake, na anayemsindikiza anatajwa. Yote yanaandikwa kwenye kadi.

Usingizi wa Dativa haukurudi kwa siku moja. Wiki ya kwanza mlango ulilia kama kawaida. Wiki ya pili ulilia mara moja moja. Mwisho wa wiki ya tatu Debora alipiga simu. "Barua yako bado ninayo," alisema. Dativa akamwambia aichane.

Mwezi wa kumi na moja alikuja Ziada na uchungu. Saa nne asubuhi chati ilivuka mstari wa hatari. Dativa alipiga simu papo hapo. Shangazi wa Ziada akasimama mlangoni.

"Sista, mjomba yuko shamba. Tumngoje kidogo."

Dativa alimwonyesha kadi. "Mjomba alishasema," alijibu. "Na Ziada amesema. Chukua kanga zake, twende."

Jioni ujumbe ulikuja kutoka hospitali. Mama mzima, mtoto wa kiume mzima, kilo tatu na nusu.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi uwanja ulikuwa haujafagiwa. Klementi alimtikisa mkewe bega.

"Mama Helena, amka. Saa yako imefika."

Dativa alifumbua macho, akashangaa mwanga dirishani. "Kwani nililala?"

"Ulikoroma," Klementi alisema, akipiga mwayo mrefu. "Asiyelala ni mimi."