Shoti ya Kumi na Moja

Hebu niambie kweli, mwenzangu: wivu umewahi kukupofusha mpaka ukasahau mahali ulipokuwa umeketi?

Mimi nimemwona kijana wa namna hiyo. Yalianzia kwenye duka la fotokopi, saa nne asubuhi, watu kwenye foleni wamebanana kama njiti za kiberiti. Mjukuu wangu alivaa blauzi ya maua madogo ya zambarau na sketi nyeusi iliyopigwa pasi ikanyooka. Mkononi alikuwa na karatasi kumi na mbili, mpango wa video fupi ya chuo chao. Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye shati la drafti na futi ya kupimia nguo shingoni. Huyo ni fundi cherehani, anashona dukani kwa baba yake.

"Samahani, dada. Kitufe cha tatu cha blauzi yako si ndugu wa wenzake."

"Haa! Umekuja kutoa kopi au kunikagua?"

"Vingine vina matundu manne. Hicho mawili."

Mjukuu wangu akajitazama. Ni kweli. Nilikishona mimi, nikidhani hakuna atakayeona.

"Mtu mwenye macho hayo ndiye tunayemtafuta," akasema akicheka. "Jumamosi una kazi gani, kaka Kitufe?"

Jina likamganda hapo hapo.

Video ilikuwa ya dakika tatu, nayo ilipigwa sebuleni kwangu. Mwanamke anammiminia chai mwanaume anayesafiri. Anatamani kumwambia abaki, hasemi. Ni hilo tu, lakini kazi yake, lo! Wanapiga vipande vipande, wenyewe huviita shoti, leo hiki, kesho kile, kisha wanaviunga mtazamaji asione mshono. Mtu akisukuma mlango nje kwa mkono wa kulia, ndani aingie na mkono ule ule. Chai ikiwa nusu kikombe, ibaki nusu. Mwongozaji, msichana mfupi mwenye sauti ya mnada, alibandika utepe mwekundu kwenye sakafu yangu. Kamera isiuvuke, la sivyo wazungumzaji wataonekana wote wanatazama upande mmoja kama abiria.

Kitufe ndiye aliyeshika daftari la mwendelezo. Aliandika kila kitu: fundo la kitambaa cha kichwa liko upande gani, kijiko kimelala wapi, mkunjo wa pazia.

Mwanamke aliigizwa na mjukuu wangu. Mwanaume aliigizwa na kijana tuliyemwita Mtanashati. Viatu vinang'aa, na manukato yake hubisha hodi kabla yake. Hata kamera ikizimwa hakuacha.

"Mke wangu, niongezee sukari."

"Shoti imeisha," Kitufe akasema, kichwa kwenye daftari.

"Una wivu wewe?"

"Nina daftari."

Lakini kalamu ilitoboa karatasi. Tundu nililiona kwa macho yangu.

Kila jioni Kitufe na mjukuu wangu wakawa wanapigiana simu.

"Umekula, Kitufe wangu?"

"Nimekula. Leo ulikuwa na nani?"

"Na Bibi."

"Na yule wa manukato?"

"Jamani! Mbona unanihoji kama karani wa mahakama?"

Kitufe anacheka, lakini kicheko cha meno tu. Lililo moyoni hakulisema, wala mjukuu wangu hakulisema.

Siku ya pili ya kupiga picha, Mtanashati hakuja. Jino lilimvimbisha shavu likawa kama andazi. Zilibaki shoti za uso wa mjukuu wangu peke yake.

"Kitufe, kaa kwenye kiti cha Bibi," mwongozaji akaamuru. "Macho yake yapate pa kutua."

Akakaa, daftari magotini. Mjukuu wangu akamtazama. Nilikuwa mlangoni na sufuria ya maji, nikasahau nilikokuwa naipeleka, maana kwa mtazamo ule hata jiwe lingegeuka. Na Kitufe? Anaandika! Hakuinua kichwa hata mara moja.

Wiki iliyofuata video ikaonyeshwa darasani, Kitufe naye akaalikwa. Uso wa Mtanashati, kisha uso wa mjukuu wangu ukitazama. Mtanashati tena, mjukuu wangu tena. Mshono hauonekani hata kwa miwani. Darasa likapiga miluzi.

"Hawa wana lao!"

Mtanashati akasimama akainama kama bwana harusi. Taa zilipowashwa, kiti cha Kitufe kilikuwa kitupu.

Mjukuu wangu alipiga simu mara nne. Ya tano ikapokelewa.

"Umekimbilia wapi?"

"Hongera. Mumeo ameigiza vizuri."

"Mume wangu nani?"

"Mtu hamtazami mwenzake vile kwa kuigiza. Nina macho mimi."

"Huna!" Akakata. Nikamwambia amweleze kijana wa watu. "Kama hajui mwenyewe, Bibi, simwambii," akajibu, akajifungia chumbani.

Siku ya nne baada ya simu ile, Kitufe akapiga hodi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na begi?"

"Nahamia kwa mjomba, mji wa mbali. Ana kazi ya kushona sare. Basi linaondoka saa nane. Nimeleta daftari, utampa."

"Kaa kwanza." Akakaa kwenye kiti changu. "Macho yangu yamechoka. Nisomee shoti ya kumi na moja."

Alipumua kwa hasira, akafunua kurasa.

"Shoti ya kumi na moja. Siku ya pili. Uso wa mwanamke, anamtazama mwanaume. Fundo la kitambaa kushoto. Chai nusu, mvuke hakuna. Mwanaume hayupo, jino. Kwenye kiti..."

Akausogeza ukurasa karibu na macho.

"Endelea. Si mwandiko wako?"

"Kwenye kiti, mimi."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mjukuu wangu amevaa blauzi ile ile ya zambarau, kitufe cha tatu bado kina matundu mawili. Macho mekundu.

"Ulikuwa unanitazama mimi?" Kitufe akauliza.

"Dakika nzima. Na wewe unaandika habari za mvuke!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uinue kichwa."

Kitufe akaliweka daftari sakafuni, juu ya alama ya utepe mwekundu ambayo mpaka leo haijatoka. Akainua kichwa. Safari hii mjukuu wangu hakungoja mwongozaji, wala hakunyamaza kama yule mwanamke wa kwenye video.

"Usiende," akasema.