Nilifunga Shokapu Mpya, Hakuniambia Nani Atakaa Nyuma

Nina umri wa miaka ishirini na saba. Nina shahada ya maendeleo ya jamii, sina kazi, naishi na mama yangu nje kidogo ya mji wa Kasulu, upande wa Mtabila, na mpaka miezi michache iliyopita nilikuwa na mchumba. Nasema nilikuwa naye... lakini mnisamehe, wasomaji wenzangu. Kiumbe yule sidhani kama kuna mtu amewahi kuwa naye kikamilifu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kuwaza. Mtu akinisalimia "mambo" naondoka na salamu yake mpaka nyumbani, naigeuza, naipindua, kwa nini hakusema "habari"? Ameniona sina adabu? Amesikia jambo? Kabla ya kula ugali nimeshamaliza kesi nzima kichwani, na nimeshindwa.

Sasa mtu kama mimi, ninayeshuku hadi kivuli changu, niliwezaje kudanganywa mchana kweupe na mwanaume mwenye akili nyepesi kama karatasi ya kufungia maandazi? Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo!

Jina lake Evarist. Anaishi Kibondo. Alijiita mkurugenzi. Kampuni yake ya mazao ilikuwa na muhuri, kofia tatu zenye jina la kampuni, na yeye mwenyewe. Gunia la mazao sikuwahi kuliona. Lakini alikuwa na maneno! Na alijua kuwaheshimu wazee. Alipoleta posa aliinama mbele ya mama, akapiga makofi taratibu, akamsalimu kwa Kiha kama Muha aliyelelewa, "Mwakeye mama, mwakeye," mpaka mashangazi wakafuta machozi. Mimi pia nilifuta. Laiti ningeyahifadhi yale machozi, baadaye niliyahitaji.

Nyumbani kulikuwa na gari dogo la marehemu baba. Tangu azikwe lilikaa chini ya mparachichi, kuku wakitaga kwenye boneti. Matairi yalikuwa vipara. Shokapu zilikuwa zimekufa. Ukilipanda mpaka sokoni, unashuka umesahau ulichofuata. Nyuma baba alikuwa ameongeza raba kwenye springi ili abebe maharage, kwa hiyo hata jiwe dogo ulilihisi kwenye meno.

Mama yangu naye ni mgonjwa wa mgongo. Alianguka akishuka mlimani na mzigo wa kuni, na tangu siku hiyo hakai vizuri, halali vizuri. Ndoa ilikuwa ifungwe kanisa la kijijini kwao Evarist, huko ndani ya Kibondo, ukiacha lami unaingia njia ya makorongo. Nilikuwa nawaza usiku na mchana: mama atafikaje? Akae nyumbani siku ya harusi ya mtoto wake wa pekee? Au aje, arudi hawezi tena kusimama?

Evarist akaniambia, tulitengeneze gari la baba. Tulifanye miguu yote, shokapu, springi, bushi, matairi. Mama atakaa nyuma kama amekaa kwenye sofa.

Jamani, ni mwanamke gani asingempenda mwanaume huyo?

Nilikuwa na akiba yangu ya ule mkataba wa muda mfupi nilioupata kwenye shirika moja kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Yote ikaingia chini ya gari. Fundi alikuwa Zakaria, pale Kasulu mjini, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Nami nikawaza kama kawaida yangu... je, akinifungia shokapu kuukuu zilizopakwa rangi? Basi nikachukua rangi ya kucha nyekundu, nikaweka alama kwenye kila shokapu mpya. Nikapiga picha. Nikakagua tena jioni.

Wasomaji wenzangu, niliweka alama kwenye shokapu zisibadilishwe. Kwa mwanaume sikuweka!

Evarist alikuja mwenyewe kusimamia. Akataka zile raba za baba zitolewe. Akataka springi laini, laini kabisa. Akachagua matairi yenye mashavu mapana, akasema upepo usijazwe sana. Zakaria akaacha kazi, akamtazama.

"Bosi, huku watu wananiletea gari niwawekee springi ngumu wabebe mahindi. Wewe mtu wa mazao unataka hili laini hivi, unakwenda kubeba mayai?"

"Fundi, mimi nabeba malkia," Evarist akajibu.

Mafundi wakacheka. Mimi nikaona haya, nikainamisha uso nikitabasamu kama mjinga. Malkia! Mimi!

Halafu akafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nataka kujipiga kofi. Zakaria alipotaka kulijaribu gari kwenye matuta, Evarist hakukaa mbele. Aliingia nyuma, akalala chali kwenye kiti, magoti juu, akafumba macho, akaweka mikono yake miwili juu ya tumbo. Aliporudi akasema bado linagonga kidogo upande wa kushoto. Zakaria akarekebisha bushi. Akalala tena. Mikono tumboni tena.

Nikawaza nini, mimi bingwa wa kuwaza? Nikawaza, angalieni mwanaume anavyompenda mama mkwe, mpaka anajilaza kama mgonjwa ili aujue uchungu wake!

Mama akashona mto wa kulalia, akautarizi maua ya njano, akauweka kiti cha nyuma.

Gari lilipokamilika Evarist akasema shokapu mpya lazima zizoeshwe barabara, kwa hiyo aondoke nalo Kibondo, harusi ikikaribia litakuwa tamu zaidi. Nilisoma mtandaoni mpaka simu ikapata moto. Sikuona popote panaposema hivyo. Nikajiambia labda sikusoma vizuri. Nikamwambia basi niendeshe mimi, maana baba alinifundisha. Akacheka kwa huruma, akasema dereva mwenye wasiwasi kama mimi anakanyaga breki ovyo, anaua shokapu. Nikaona ana hoja. Nikampa ufunguo. Mtu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli!

Wiki zikapita. Gari halirudi. Leo linazoeshwa, kesho linaoshwa.

Kisha tukapata habari njema kwamba madaktari bingwa wa mifupa watakuwa hospitali moja ya Kibondo kwa siku chache. Nikampigia Evarist, nikamwomba aje atuchukue, mama aonwe. Akashusha pumzi ndefu. Akaniambia bushi moja imelia, gari liko juu ya jeki, na bila shaka sitaki mama aumie njiani, au nataka?

Sikutaka. Kwa hiyo tukapanda mchomoko.

Mnaijua michomoko yetu. Gari dogo, nyuma watu wanne na watoto mapajani, mbele abiria wawili kiti kimoja, na dereva naye amepakata mtu ubavuni. Mama akabanwa katikati. Nilimsihi dereva aende polepole, ana mgonjwa. Akasema, "Dada, humu wote wagonjwa, tofauti ni dawa." Watu wakacheka. Kila tuta mama aliuma upindo wa kitenge chake. Mama mmoja pembeni akalia kwa niaba yake, "Yoo! Muonee huruma mama wa watu!" Mama mwenyewe hakutoa sauti. Machozi tu yalikuwa yanashuka... na mimi nimekaa hapo na shahada yangu, na shokapu zangu mpya ziko juu ya jeki.

Tulipofika nikamshusha mama kwa kumkumbatia. Nikainua macho.

Gari la baba lilikuwa limeegeshwa uani pale hospitali. Linang'aa!

Mnajua nilichowaza kwanza? Nikawaza Evarist kaumia. Amegongwa, analetwa na watu, anakufa! Nikakimbia kuelekea wodini huku nikimwombea uzima. Nilimwombea! Fikirini wenyewe.

Nikakutana naye mlangoni mwa wodi ya wazazi. Mkono mmoja ameshika beseni la bluu. Mkono mwingine chupa ya chai. Begani khanga mbili. Wasomaji wenzangu, mwanaume anayebeba beseni wodi ya wazazi hana maelezo duniani. Lakini huyu alijaribu!

Akaniambia ni mke wa rafiki yake. Rafiki amesafiri. Yeye anasaidia tu, kibinadamu, kama Mkristo...

Hajamaliza, nesi akatoa kichwa. "Mume wa Odeta yuko wapi?"

"Nipo, sista!"

Mdomo ule ule! Ulikuwa bado una neno "rafiki" ndani yake, ukaitika bila hata kumeza mate.

Nesi alikuwa na haraka, hakujua anachokatiza. Akasema mimba ya Odeta ndiyo ile ile waliyomwonya tangu mwanzo, kondo la nyuma limekaa vibaya, hatakiwi kutikiswa, na sasa ameanza kutoka damu. Inabidi apelekwe Kasulu akapasuliwe. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini na mgonjwa mwingine. Gari hili la mume ni laini, wataenda nalo, yeye nesi atamsindikiza.

Tangu mwanzo. Hatakiwi kutikiswa. Basi kila kitu kikaanguka mahali pake kichwani mwangu, kimoja kimoja... springi laini, matairi ya mashavu, mikono juu ya tumbo. Malkia! Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na la kuwaza.

Wakamtoa Odeta. Msichana mwembamba wa umri wangu, uso umepauka, amelegea. Wakamlaza kiti cha nyuma. Kichwa chake kikatua kwenye maua ya njano ya mama.

Ufunguo ulikuwa unaning'inia kidoleni mwa mkurugenzi. Nikauchukua. Hakuupigania, ameshika beseni lake. Akaninong'oneza, "Mpenzi, usiniaibishe hapa."

Aibu! Alidhani bado anayo ya kuharibiwa.

Nataka niwe mkweli kwenu. Nilisimama na ufunguo ule, na shetani alisimama nami. Gari ni langu. Mama yangu ameumizwa njia nzima. Kwa nini nisimpandishe mama, niondoke zangu?

Mama alikuwa ameshafika, akijikokota kwa kushika ukuta. Akamwangalia Evarist juu mpaka chini, kama mtu anayeangalia ndizi iliyooza sokoni. Hakumtukana. Akachungulia ndani ya gari, akauona mto wake, akamwona aliyeulalia. Akanigeukia.

"Mwana wanje, mwanangu, huyu tumboni hajakukosea. Endesha."

"Na wewe mama?"

"Mimi nina foleni ya daktari. Nenda."

Nesi akakaa mbele. Nyuma kumejaa mgonjwa. Evarist akazunguka gari, akajaribu mlango huu, akajaribu ule. Nesi akamwuliza, "Baba, wewe unataka kukaa wapi, kwenye buti?"

Nikaondoa gari. Kwenye kioo nilimwona amesimama na beseni lake, anakuwa mdogo, mdogo, mpaka akalingana na thamani yake.

Mimi ninayeogopa kuvuka barabara, niliendesha toka Kibondo mpaka Kasulu. Kila tuta nililipanda kama napanda kitanda cha mtoto aliyelala. Mahali penye mchepuko wa vumbi na mashimo nilishika usukani nikasali. Gari lilielea! Zakaria, Mungu akubariki. Nesi aliniambia baadaye hajawahi kusafirisha mgonjwa kwa utulivu ule.

Katikati ya safari Odeta akazungumza, sauti ya chini. Akasema Evarist alimwambia gari ni la dada yake, ambaye amelitengeneza kwa mapenzi yake, kwa ajili ya mtoto. Akauliza, "Wewe ndiye dada?"

Nilikuwa na maneno mengi, ndugu zangu. Nilikuwa nayo tangu Kibondo, makali, yamepangwa.

"Mimi ndiye mwenye gari," nikasema.

Kwenye kioo nikamwona ameweka mikono yake miwili juu ya tumbo, vilevile alivyokuwa akilala yule mpumbavu. Machozi yakamtoka. Nadhani naye alikuwa ameelewa.

Alipasuliwa. Mtoto wa kike, mzima. Mama yake mzima.

Evarist alifika baadaye, kwa mchomoko. Nilimwona akishuka, amebanwa mpaka shati limegeuka upande, uso wote vumbi jekundu, anashika kiuno. Nilitegemea atapiga magoti. Hakupiga. Usiku ule alinitumia ujumbe kwamba kwa hali ilivyo, anaomba tusogeze mbele tarehe ya harusi.

Tusogeze mbele! Nilicheka mpaka majirani wakadhani nimepata kazi.

Wazee wamerudisha posa. Nasikia bado anazunguka kwa Odeta na kofia yake ya kampuni. Mimi Odeta simchukii. Aliurudisha mto umefuliwa na kupigwa pasi.

Kesho yake baada ya upasuaji ule nilirudi Kibondo kumchukua mama. Alilala kwa dada mmoja wa kanisani, na daktari alishamwona, akampa mkanda wa mgongo na mazoezi. Nikamlaza kiti cha nyuma. Tukaenda, matuta yakipita chini yetu kama hayapo. Karibu na Kasulu nikadhani amelala. Kumbe macho yako wazi, anaangalia paa la gari la mumewe.

"Kumbe ndivyo linavyotembea," akasema.

Hapo ndipo nilipolia.

Dada zangu mnaosoma, hasa ninyi mlio kama mimi, mnaowaza mpaka kichwa kinauma: tunakagua vitu, watu hatuwakagui. Msipite njia yangu. Mwanaume akikujia na mapenzi mengi ya kulainisha chako, gari lako, nyumba yako, hata kitanda chako, usimwulize shokapu ni aina gani. Mwulize kwanza, nyuma atakaa nani?