Goli Moja la Mjomba

Kila siku masomo yakiisha, Redio alipita nyumbani, akabadili sare, akachukua chupa ya chai na kuipeleka kwa mjomba wake. Jina la Redio alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, hadi saa nne mtaa mzima unayo. Mwenyewe hakukasirika. Alitaka kuja kuwa mwandishi wa habari, na popote alipokwenda alibeba daftari dogo na kalamu mbili, moja ya akiba.

Mjomba alikuwa fundi viatu. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi, mguu wa kulia kaunyoosha juu ya kigoda kwa kuwa goti lake lilikataa kukunjika siku nyingi. Chumba kilinukia gundi na ngozi. Juu ya rafu ya soli palining'inia picha iliyofifia ya wachezaji kumi na mmoja. Yule wa mwisho kushoto, mrefu, asiyecheka, ndiye yeye. Enzi hizo walimwita Komeo. Alikuwa beki wa kati, na washambuliaji walisema kumpita ni sawa na kupita mlango uliofungwa kwa ndani.

Wiki hiyo Redio alikuwa na shida. Mwalimu wa Kiswahili alitaka habari za watu wa mtaani kwa ajili ya gazeti la ukutani, na Profesa, mvulana wa miwani aliyekaa dawati la mbele, alikuwa ameshaandika juu ya shangazi yake, nesi aliyepokea watoto watatu wa mama mmoja kwa mpigo. Watatu! Redio angempita vipi mtu huyo?

"Mjomba, ulicheza mpira miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Ukafunga magoli mangapi?"

Mjomba akakata uzi kwa meno. "Moja."

"Miaka yote hiyo, moja tu?"

"Nilikuwa beki, bibie. Hawakunilipa nifunge."

"Ulilifunga lini?"

"Fainali ya kombe, dakika ya themanini na sita. Sasa kaa nikwambie ilivyokuwa..."

Kukaa? Fainali, dakika ya themanini na sita, halafu mtu akae? Redio alishatoka mlangoni.

"Chai hujanimiminia," Mjomba aliita, lakini mpwa wake alikuwa ameshakata kona.

Aliandika mpaka vidole vikamuuma. Komeo akaupokea mpira katikati ya uwanja, akawapiga chenga watatu, akafumua shuti la mita thelathini, nyavu zikachanika. Hayo hakuambiwa na mtu. Yalikuja yenyewe, moja likivuta jingine, na yalikuwa matamu mno kuyafuta.

Kesho yake shule nzima ilisongamana ukutani kusoma.

"Nyavu zilichanika kweli?" Profesa aliuliza.

"Vipande viwili," Redio alijibu bila kupepesa.

Mwalimu alifurahi hata akaandika barua palepale. Alimwomba Komeo aje Ijumaa asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini, awasimulie goli lile. Redio akaikimbiza barua kwa Mjomba, pamoja na nakala ya habari yake.

Mjomba alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akaweka kiatu chini.

"Hizi nyavu kazichana nani?"

"Wewe, Mjomba. Kwenye fainali."

"Mama, lile goli nilijifunga."

Redio akaichukua ile nakala, akaikunja mara mbili.

"Krosi ilitoka upande wa kulia, chini chini," Mjomba alisema. "Nilitaka kuutoa mpira nje. Nikachelewa kugeuka, ukanigonga ugoko, ukaingia golini kwetu. Kombe wakachukua wenzetu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakwambia. Ulikuwa kwenye kona."

Redio alifunika uso kwa daftari. Aliwaza shule nzima mstarini, Profesa na miwani yake, Mjomba kasimama peke yake mbele ya watu waliokuja kusikia nyavu zilizochanika. "Basi Ijumaa usije. Nitasema una homa."

"Nahodha wetu naye aliniambia hivyo hivyo, tukiwa chumba cha kubadilishia nguo. Waandishi walikuwa mlangoni. Akasema, 'Waambie ulisukumwa, nasi tutakuunga mkono.'"

"Ukawaambia?"

"Niliwaambia sikusukumwa, nilichelewa kugeuka. Wakaniweka ukurasa wa kwanza. Mwezi mzima muuza duka alifungia watu sabuni kwa uso wangu."

Redio alitaka kucheka, akajizuia. "Halafu?"

"Halafu asubuhi yake nikamgongea kipa mlango. Krosi mia moja kila siku, kwa miezi mitatu, mpaka nikajua kugeuka kabla mpira haujafika." Mjomba akanyoosha mkono chini ya rafu, akatoa daftari lenye jalada lililobanduka. "Na nikaanza hili."

Redio akalifungua. Hapakuwa na goli hata moja humo. *Namba tisa: huvuta soksi kabla ya kupiga. Namba kumi na moja: akitema mate, anakuja kulia.* Kurasa na kurasa za watu aliowazuia.

"Baada ya pale nilicheza miaka tisa, na sikujifunga tena," Mjomba alisema. "Beki akifanya kazi yake vizuri, kesho yake gazeti halina la kuandika. Ijumaa nitakuja. Goli ni langu, nitalisema. Ila nyavu si zangu, ni zako."

Ijumaa Redio hakunywa hata uji. Mwalimu alipomaliza kumkaribisha mgeni, Redio alinyoosha mkono, akaomba atangulie yeye. Kutoka mstarini hadi mbele ni hatua ishirini, alizihesabu zote.

"Habari niliyoandika si ya kweli," alisema. "Mjomba alisema alifunga goli moja, nikakimbia kabla hajamaliza. Chenga, shuti na nyavu nilitunga mimi. Goli lenyewe alijifunga. Naombeni radhi, na Mjomba anisamehe."

Kisha sauti ya Profesa: "Redio imeingia maji." Shule nzima ikaangua kicheko.

Mjomba alichechemea hadi mbele, akasimulia krosi ile bila kupunguza neno. Kisha akamwita Profesa. "Njoo na mpira. Nipite."

Profesa alijaribu kushoto, Mjomba akawa tayari yuko pale. Akajaribu kulia, akaukuta mguu. Mara ya tatu aliupoteza mpira kabisa.

"Babu, unajuaje?" aliuliza akihema.

"Ukitaka kwenda kushoto unasukuma miwani. Kulia, husukumi."

Safari hii kicheko kilimgeukia Profesa, naye mwenyewe akacheka kuliko wote.

Kelele zilipotulia, Mjomba alimshika Redio bega. "Kosa langu liliingia golini mbele ya watu, na la huyu likabandikwa ukutani mbele ya watu. Wote wawili tumelitaja hapo hapo mbele ya watu. Lakini kulitaja ni nusu ya kazi. Kesho asubuhi uamke, ulifanyie mazoezi mpaka lisirudi. Mimi nilijifunza kugeuka mapema. Yeye atajifunza kusikiliza mpaka mwisho."

Mwalimu alibandua habari ya zamani na kumpa Redio karatasi tupu.

Mchana ule Redio alimimina chai kwanza. Akavuta kigoda cha pili, akafungua daftari.

"Mjomba, kipa alisema nini ulipomgongea?"

"Aah, hiyo ni ndefu."

Redio akaweka kalamu chini na kukunja mikono. "Endelea," alisema.