Msumari Ulimchukua Mume Wangu, Mimi Nikaitwa Mchawi

Ndugu zangu wasomaji, nina miaka thelathini na tisa. Ni mjane mwenye watoto watatu, na kwa sasa naishi kwa wazazi wangu Ndama, wilayani Karagwe. Silii tena. Watu wakiniona hivi wanadhani nimepona... Sijapona. Nimekufa ganzi tu.

Kabla ya kusimulia yaliyotupata, niacheni kwanza nimkumbuke mume wangu. Huko Ihembe, kijijini kwake, wanazungumzia kifo chake tu, kana kwamba hakuwahi kuishi!

Aliitwa Deusdedit, lakini wengi walimwita Fundi Deusi. Alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa banda la mabati pembeni ya migomba yetu. Vitanda, milango, makabati ya vyombo... nusu ya nyumba za kijijini kwetu zinafungwa kwa milango yake mpaka leo. Akiletewa ubao aliugonga kwa kidole, akainamisha sikio, ndipo aukubali au aukatae. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ila akipiga randa aliimba nyimbo za kanisani, na mimi nikiwa jikoni nilijua kazi inakwenda vizuri au vibaya kwa kusikiliza alivyoimba.

Kila nilipopata mimba alianza kutengeneza kitanda cha mtoto. Mama yangu alimwonya asimwandalie mtu ambaye hajafika. Alicheka, akaendelea kupiga msasa. Jumapili baada ya misa alimenya ndizi mwenyewe na kutupikia ebitoke na maharage. Wanaume wenzake walimtania kwamba mke amemkalia kichwani.

"Waache wacheke," aliniambia. "Mimi nashiba mapema, wao bado wanamsubiri mtu atoke shambani."

Huyo ndiye mume niliyekuwa naye.

Alikuwa na mdogo wake mmoja, Projest. Baba yao alifariki Projest akiwa bado shule ya msingi, hivyo Deusi ndiye aliyemlea. Nilipoolewa nilimkuta pale nyumbani. Nilimfulia sare, nikampakulia chakula kama mwanangu. Alipokua akahamia Nkwenda, wilayani Kyerwa, kununua na kuuza ndizi. Alipojenga nyumba yake, milango na madirisha yote yalitoka mikononi mwa kaka yake. Ningejuaje kwamba huyo ndiye atakayenigeuka?

Mkasa wenyewe ulianza kwa jambo dogo. Mtu mmoja wa Chonyonyo alikuwa anabomoa nyumba yake ya zamani, akampa Deusi mbao zake. Zilikuwa mbao ngumu, za kizamani, na Deusi alizifurahia sana. Alishinda akizing'oa misumari, miguuni amevaa kandambili. Ndipo akakanyaga kipande kimoja kilichoanguka, msumari wenye kutu ukapenya kandambili na kumwingia unyayoni.

Alikuja jikoni akichechemea. Mama mkwe, ambaye tulikuwa tukiishi naye, akamwosha kwa maji ya chumvi na kumfunga kitambaa. Nilimsihi aende zahanati akachomwe sindano.

"Mama Jovina," akaniambia, "misumari imenichoma tangu nikiwa kijana. Ningekimbilia zahanati kila mara, si ningehamia huko?"

Tukacheka wote. Kidonda kikafunga haraka, tukakisahau.

Siku zikapita, labda wiki na kidogo. Mchana mmoja tukiwa tunakula akaweka sahani chini. Akasema mdomo haufunguki vizuri. Tulifikiri ni jino. Kesho yake shingo ikakakamaa na maneno yakawa yanatoka kwa shida katikati ya meno... Nikaogopa! Nikaita bodaboda atupeleke hospitali, na wakati tunamsubiri nikampigia Projest kumjulisha.

Laiti nisingekuwa na simu!

Projest akaomba nimpe mama yake simu, akamwambia tusiondoke. Mama akamrudisha yule wa bodaboda, tukasubiri. Projest akafika na gari la rafiki yake. Akamtazama kaka yake, akatikisa kichwa.

"Shemeji, huu si ugonjwa wa hospitali. Kaka amerogwa. Wakimchoma sindano tu, anakufa."

Nikamwambia habari ya msumari.

"Msumari ulimwingia mguuni," akasema, "lililokaza ni taya. Vinahusiana nini?"

Majirani waliojaa uani wakaitikia kwa vichwa. Mama mkwe akatazama chini. Deusi hakuweza kubishana, lakini aliinua mkono akanyoosha kidole kuelekea barabara ya Kayanga, kulikokuwa na hospitali. Nilimwona! Na Projest alimwona. Wakambeba, wakamwingiza garini, na gari likageuzwa kuelekea Kyerwa kwa mganga. Mimi nilijipenyeza kiti cha nyuma kwa nguvu.

Sitaeleza yote ya kule. Zilipigwa ngoma. Kila ngoma ilipolia, mwili wa mume wangu ulijipinda mgongo kama upinde, na wale watu wakashangilia kwamba pepo anatoka. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba mgonjwa wa namna ile hatakiwi hata kusikia mlango ukibamizwa.

Kisha mganga akauliza, "Nani anampikia?"

Wote wakanigeukia.

"Anayempikia ndiye aliyemfunga kinywa."

Nilitaka kusema kwamba Jumapili anapika mwenyewe... Projest akanishika mkono, yule kijana niliyemfulia sare, akanitoa nje na kunifungia mlango.

Nikampigia baba yangu. Alikodi gari Ndama akaja na katekista wa kigango chetu. Walibishana mpaka majirani wa mganga wakatoka nje kutazama. Mwishowe, midomo ya Deusi ilipoanza kuwa ya bluu, Projest akasogea kando.

Tulipofika hospitali, swali la kwanza la muuguzi lilikuwa hili: "Alichomwa na kitu?"

Nikajibu, "Msumari."

Akafumba macho kidogo. "Ni pepopunda, mama. Mngemleta mapema..."

"Nilitaka," nikasema.

Walimlaza chumba chenye giza, walijitahidi sana. Nilikaa naye nikimnong'oneza kwa Kinyambo habari za nyumbani, za watoto, za mbao zake. Alifariki mchana. Kiganja chake kilikuwa mkononi mwangu, kigumu kwa sugu za kazi, na bado kilikuwa na joto. Nilisubiri kilio kinijie. Hakikuja.

Ihembe nilikuta habari zimenitangulia. Mchawi amemmaliza mumewe! Mafundi wenzake walitengeneza jeneza ndani ya karakana yake, na mimi nilisikia nyundo nikiwa nimekalishwa nyuma ya jiko. Wakati wa kuzika sikuruhusiwa kutupa udongo. Watoto wangu waliongozwa kaburini na watu wengine. Nilijaribu kueleza maneno ya hospitali... nani angenisikiliza? Matanga yalipoanuliwa, Projest alisimama akasema niondoke kabla hajashindwa kuwazuia watu. Akaweka kufuli lake kwenye karakana. Nikaondoka na wanangu watatu na nguo tulizoweza kubeba.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikiwa napalilia maharage nikamwona mama mkwe anashuka kwenye bodaboda, ana mkungu wa ndizi. Nikampa shikamoo, nikamkaribisha.

"Mwanangu," akaanza, "nilijua ni msumari. Mtoto wa dada yangu alikufa hivyo hivyo, taya lilianza kukaza. Nilipomwona Deusi nilijua."

Nikamuuliza, "Mbona hukusema, mama?"

"Deusi nilishaona ananitoka. Nikaogopa Projest naye asije akanisusa. Nitazeekea kwa nani?"

Nilidhani nitapiga kelele. Nilidhani nitamfukuza. Badala yake nikainuka, nikamenya ndizi alizoleta, nikabandika sufuria. Tukala bila kutazamana. Alipotaka kuondoka akaomba nimsamehe. Nilimwambia kwamba msamaha bado sijauona moyoni, nikiuona nitampa. Lakini kama ananitakia mema, maneno hayo akayaseme Ihembe, mbele ya watu.

Sikutegemea. Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya misa, yule bibi alisimama mbele ya waumini akasema yote. Projest alitoka kanisani mama yake akiwa bado anazungumza, na hajamtembelea tangu siku hiyo. Baadhi ya majirani walikuja Ndama kuniomba radhi. Wengine bado wakiniona wanabadili njia. Uongozi wa kijiji umesema nyumba na karakana ni vya watoto wangu, na kufuli limeondolewa. Mwanangu Jovina ameshakwenda kufagia. Mimi bado miguu haijakubali.

Wenzangu, nawaomba sana! Msumari, mwiba, panga, chochote kikikuchoma, nenda ukachomwe sindano siku hiyo hiyo, hata kama hakuna damu. Mgonjwa akikakamaa taya, usikae kikao. Na anayemuuguza akisema mgonjwa apelekwe hospitali, msimtoe nje. Wewe unayejua ukweli ukanyamaza ili usigombane na ndugu... ona nilipo.

Juzi mwanangu mdogo aliniuliza nani alimuua baba.

"Msumari," nikamjibu.

"Halafu?"

Nilifikiri sana. Nilitaka kumtaja baba yake mdogo, mganga, bibi yake, majirani wote wa uani. Nikamtazama, bado mdogo, nikaona sitaki aanze maisha na orodha ya watu wa kuwachukia.

"Halafu tukachelewa," nikamwambia.

Nanyi msichelewe.