Unyayo Uliookotwa Barabara ya Bogoro

Asubuhi za Angèle zilifanana. Aliosha vyombo vya jana, akafunga kitenge juu ya suruali ya mazoezi, akatoka kukimbia barabara ya Bogoro na jirani yake Elodie, mama yake Chris, kabla pikipiki hazijaanza kuinua vumbi. Walianza pamoja, mama wawili wa nyumba, muuguzi alipowaonya juu ya presha. Kwa baiskeli walilingana. Kwa miguu, Elodie alikuwa mbele siku zote.

"Mama Divine," alisema bila hata kugeuka, "nikufunge kamba nikuvute?"

"Endelea tu. Weye tafuta pumzi yako, mimi niko natafuta yangu."

Angèle alicheka pia. Lakini anayekimbia nyuma huona kitu kimoja tu, soli za aliye mbele. Alizijua za Elodie kuliko uso wake: viatu vya mtumba, nyota kisiginoni, na nyota ya kushoto imekatika ncha.

Hayo angeyavumilia. Kilichomchoma ni binti yake. Divine aliwangoja langoni na maji, na kikombe cha kwanza kilikwenda kwa Elodie.

"Mama Chris anakimbia kama hagusi udongo," alisema mezani, mbele ya baba yake.

Angèle aliendelea kupakua sombe. Hakuna aliyemuuliza yeye amekimbiaje.

Kisha parokia ikatangaza mashindano ya akina mama: kukimbia hadi kilimani, kurudi kwa baiskeli. Mguu wa Elodie ukiwa mzito kidogo, Angèle angefika kilimani wa kwanza, na kwa baiskeli hangepitwa. Angèle hakumtakia kifo. Alitaka kidogo tu.

Kule Fataki alikozaliwa, watoto walifundishwa kufuta nyayo zao topeni wanapopita karibu na nyumba wasizozijua. Mtu akiokota unyayo wako mzima na kuuzika chini ya moto, mguu unakosa pa kukanyaga. Bibi yake alisema hivyo huku akichambua maharage, kama anayezungumzia mvua.

Mvua ilinyesha. Asubuhi yake Elodie hakugonga lango. Angèle alitoka peke yake, na kwenye tope la kando ya barabara akazikuta. Nyota. Nyota iliyokatika. Nyota.

Amenitangulia, aliwaza. Hata kuningoja hakuona haja.

Alitazama nyuma, akapiga magoti. Aliuchimbua unyayo wa kushoto kwa vidole, mzima, akaufunga kwenye kipande cha kitenge. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Fundo lilikuwa na joto, kama mtoto mwenye homa.

Nyumbani aliuzika katikati ya mafiga, akawasha moto juu yake, akainjika maji ya chai.

Yalipoanza kuchemka, Divine aliingia akichechemea.

"Mama. Mugulu inaungua."

"Gani?"

"Ya kushoto."

Angèle alitazama chini. Binti yake alikuwa amevaa viatu vya Elodie.

"Ulitosha wapi hivi viatu?"

"Mama Chris alinipatia." Divine alinong'ona. "Ameenda Mahagi-Port na gari ya alfajiri. Alisema nijizoeshe, lakini nisikuambie. Siku ya mashindano nikukimbilie pembeni, usibakie peke yako kule nyuma."

Angèle alivuta kuni. Alimwaga maji. Moshi ukajaa, Divine akaanza kulia. Alichimba kwa mikono, ngozi ikaungua, akaendelea kuchimba. Kitenge kilikuwepo. Fundo lilikuwepo, limekaza kama alivyolifunga. Akalifungua kwa meno.

Ndani hamkuwa na udongo.

Nyuma yake Divine aliacha kulia.

"Mama, imepona." Alikanyaga sakafu. Akakanyaga tena, kwa nguvu. "Haiumi. Siskii kitu hata kidogo."

Angèle hakuenda kwenye mashindano. Elodie aliporudi alimwachia Divine vile viatu, na sasa msichana ndiye anayekimbia. Hakuna anayemfikia. Elodie mwenyewe hukimbia nyuma yake, akitazama soli.

Siku moja alikuja kutoka mbioni moja kwa moja, jasho halijakauka, akasimama mlangoni. Alikataa kiti.

"Mama Divine," alinong'ona. "Mutoto wako, kwenye matope, anaachaka alama ya mugulu moja. Ya kuume tu."

"Ni mawe."

"Hapana mawe kule."

"Nimesema ni mawe, Mama Chris."

Elodie alimtazama mikono, makovu yale ya moto, akaondoka. Hajaja tena kutania.

Siku hizi Angèle hupikia nje, kwenye mbabula ya makaa. Mafiga ya ndani hayawashi. Lakini kila jioni hufagia majivu yake yakawa sawa kama unga, na kila asubuhi unyayo uko pale kati ya mawe matatu. Wa kushoto. Wala si wa kiatu. Mguu mtupu, vidole vitano, vimeelekea mlangoni.

Juzi Divine alilalamika kwamba kiatu cha kulia kimeanza kumbana. Cha kushoto, alisema, bado kinamtosha vizuri.

Angèle aliingia jikoni, akainama, akaupima unyayo wa majivuni kwa kiganja.

Ulikuwa umekua.