Kivuli cha Traian

Kunguru walitua juu ya kila sanamu isipokuwa moja.

Smaranda aliliona hilo mapema, tangu walipoanza kupanda mteremko. Mawe meupe, yaliyochongwa na vijana wa kambi za kiangazi miaka ya nyuma, yalisimama juani yametapakaa kwenye nyasi, na kila jiwe lina kunguru wake. Ila lile lililofanana na mwanamke aliyejifunika shuka lilikuwa limeinama upande, tupu. Chini yake Mzee Haralambie, fundi mwashi wa kijiji, alikuwa akijenga msingi upya huku ananung'unika.

"Tupite huku," Smaranda akamwambia mumewe.

Lakini Traian, wapi! Traian alikuwa mtu wa mizaha, tumbo la bia na moyo wa mtoto. Moyo wenyewe ndio uliomlaza hospitalini, mjini Buzău, majira ya kuchipua, mkewe akakesha kando ya kitanda akimlilia Mungu amwachie huyu mmoja tu. Mungu akamwachia. Safari ya leo ilikuwa ya kushukuru uzima, na Traian alikuwa ameimba njia nzima.

"Vipi, mzee? Mama huyu kalewa?" akauliza, akiielekezea sanamu kidole.

Fundi hakucheka. "Naisimamisha, inalala. Naisimamisha tena, inalala. Jumapili ni sikukuu ya kijiji, na nimeshaaibika vya kutosha. Kaa mbali na chokaa mbichi, mwanangu. Itakinasa kivuli chako."

Hakuna mtoto wa milima ile asiyelijua hilo. Waashi wa kale walikipima kivuli cha mpita njia kwa utete, wakauzika utete ule ndani ya ukuta, na ukuta ukasimama. Mwenye kivuli akafa, akawa jini la kulilinda jengo. Traian naye aliambiwa na bibi yake akiwa bado ananyonya kidole. Lakini asiyesikia la mkuu, mnajua mwisho wake.

"Hebu nipime, mzee!" akasema, akatanua mikono. "Changu kinene hiki, kitabeba hata kanisa."

"Traian, acha!"

"Ala! Mke wangu, moyo umeshindwa kuniua, utete ndio utaniweza?"

Mzee Haralambie akamtazama kitambo. Mtu mwema angemfukuza. Yeye akachukua utete, akaulaza juu ya kivuli kuanzia nyayo hadi utosi, akaukata, akautumbukiza kwenye chokaa, akabamiza jiwe juu yake. Sanamu ikanyooka taratibu, na hakuna aliyeigusa.

"Umeona?" Traian akacheka. Hata hivyo aliposhuka kilimani, wimbo hakuuendeleza.

Walikaa bondeni kula. Smaranda alikuwa amefunga ugali wa baridi, jibini ya kondoo, soseji na plamu ndogo alizozikausha mwenyewe. Traian akatafuna tonge moja, akalitema.

"Chakula kina mchanga."

"Mchanga gani? Mbona mimi nakula?"

"Kina mchanga, Smari." Sauti ilikuwa nzito. Harufu ya chokaa mbichi ikamjia Smaranda, akadhani ni upepo wa kutoka juu, lakini upepo haukuwepo. Akamshika mkono mumewe. Ulikuwa wa baridi na mkavu, juani kabisa, saa za mchana. Kisha akasikia nyundo ikigonga jiwe, tok, tok, akainua macho kumtafuta fundi, akamwona huko juu amekaa tu, anakula mkate, nyundo imelala nyasini, na mlio ule ukaendelea karibu naye zaidi, karibu mno, mpaka akainama akaweka sikio kifuani pa mumewe alipozoea kusikiliza kila usiku tangu hospitalini, akasikia kwamba ni humo, kwamba kitu fulani kilikuwa kinajengwa humo ndani jiwe juu ya jiwe, na alipofumbua macho akaiona nyasi iliyokuwa nyuma ya Traian, nyasi ya kijani inayong'aa jua tupu, kivuli hakuna.

Alimkokota hadi langoni mwa uwanja wa sanamu, ambako Bibi Zamfira alikuwa akiuza mikate ya jibini. Bibi huyo ndiye aliyekuwa akiwaagua watu waliopigwa jicho baya. Hakumtazama Traian usoni. Alitazama ardhi, akapiga ishara ya msalaba.

"Kwa Haralambie?" akanong'ona.

"Ndiyo, bibi. Ilikuwa utani."

"Mawe ya msingi ule ameyatoa daraja la zamani, lile lililobomolewa. Daraja lile lilikuwa na mtu wake tayari, mwanangu. Wa tangu enzi za mababu. Amechoka kubeba. Anatafuta wa kumpokea."

Wakapanda tena, Traian akiburuza miguu, akipumua vumbi. Fundi alipowaona akainamisha kichwa kwa haya, akang'oa jiwe bila kuambiwa. Bibi Zamfira akauchomoa utete, akautia kiberiti.

"Mwite kwa jina lake la ubatizo," akamnong'oneza Smaranda. "Mumeo yuko mbali sasa, atachelewa kuitika. Atakayeitika upesi siye. Huyo usimguse. Ita tena, na tena, mpaka umsikie wa pili."

Smaranda akajaza kifua pumzi.

"Traian!"

"Naam," akaitika palepale.

Damu ikarudi mashavuni. Kivuli kikamwagika kutoka miguuni mwake, kirefu, cheusi. Smaranda akamrukia, akamkumbatia, akalia kama siku ile daktari alipomwambia atapona.

"Mwachie!" Bibi Zamfira akafoka kwa sauti ya chini. "Ita tena!"

"Nimwite nani tena? Huyu hapa! Ana joto! Mguse mwenyewe!" Smaranda akamng'ang'ania mumewe. "Nimemlilia vya kutosha, bibi. Sitaki kusikia."

Bibi alikuwa anaitazama sanamu. Utete ulikuwa umekwisha kuwa majivu, na sanamu ilikuwa ingali wima. Fundi akalirudisha jiwe haraka haraka, akasiliba chokaa bila kumtazama mtu.

Smaranda akateremka na mumewe wameshikana mikono. Joto la kiganja kile lilimtosha. Hakuuliza kwa nini haimbi. Pale magari yalipoegeshwa akatoa funguo kwenye mkoba, akampa. Akazipokea, akazigeuza geuza. Akalizunguka gari polepole, akapapasa boneti kwa kiganja, akainama kuchungulia chini.

"Farasi wako wapi?" akauliza kwa upole.

Smaranda akacheka. Alicheka kwa nguvu, maana Traian na mizaha yake, nani asiyemjua? Kisha akayaona macho. Yalikuwa yanangoja jibu.

Ndipo kutoka juu mteremkoni, mbali, sauti ikaja, imechoka, imejaa mchanga, sauti aliyolala nayo miaka yote ya ndoa yake.

"Naam, Smari. Naja."

Mkono wenye joto ukamshika bega.

"Usimjibu," akamwambia.